Geti la Kichochoro Hupimwa kwa Kufunguka

Leo tunazungumza juu ya geti.

Ukishuka matatu pale Kawangware 56, ukaiacha lami na makelele ya makanga, ukaingia ndani kwa miguu, hutakwenda mbali kabla hujakutana nalo. Mwenye ploti kajenga vyumba vya mabati safu mbili zinazotazamana, katikati korido, mwisho wa korido choo na bafu, na mbele kabisa geti moja la chuma. Saa nne usiku, pengine saa tano, linafungwa. Aliye ndani yuko ndani, aliye nje atajua la kufanya. Geti la namna hiyo tumeishi nalo miaka mingi. Lakini kila wizi unapozidi mtaani, kwenye vikao husikika ombi kubwa kuliko hilo: tusiishie kufunga ploti, tukifunge kichochoro chenyewe. Huku geti, kule geti, katikati sisi na watoto wetu.

Wanaosema hivyo wana sababu. Ngeta haipigiwi barabarani penye taa. Hupigiwa konani, pale mabati yanapopinda na mwangaza wa duka la mwisho haufiki. Mkono unatoka nyuma, unakaba shingo, mwenzake anapapasa mifuko, na kabla hujapata pumzi ya kupiga nduru, simu imekwenda, kibarua cha wiki nzima kimekwenda, nao wameshatokea barabara ya pili. Kichochoro chenye midomo miwili humfaa mwizi kwa sababu anaingilia huku na kutokea kule. Ukiziba mdomo mmoja, atafikiria mara mbili kabla ya kuingia. Hoja hiyo ni ya kweli na siipingi.

Nina neno moja tu la kuongeza, na ndilo nitakalolizungukia jioni hii: geti la kichochoro tusilipime kwa namna linavyofunga. Tulipime kwa namna linavyofunguka.

Tuanze na jirani zetu. Pale Congo, hapahapa Kawangware, ukiishika Barabara ya Gitanga, muda si muda uko Lavington: kuta ndefu, nyaya za umeme juu ya kuta, na kila lango na mtu wake mwenye sare na kitabu cha wageni. Yule mwenye sare analala wapi? Wengi wao ni watu wa kwetu. Anaondoka Kawangware jua likielekea kutua, anakwenda kufunga na kufungua geti la mwenzake mpaka asubuhi, huku mke na watoto amewaacha kwenye kichochoro kisicho na mlinzi. Ukitaka kujifunza habari za mageti, muulize yeye. Atakuambia kwamba lile geti la Lavington halitegemei unene wa chuma. Linategemea kwamba usiku kucha kuna mtu macho, analipwa kulifungua. Honi ikilia, amesimama. Mgonjwa akizidiwa, gari limetoka. Sisi tunapoiga geti la Lavington tunaiga chuma, tunamsahau mtu.

Labda utaniuliza: je, kuna mahali walikofunga vichochoro na wizi ukapungua kweli? Kupo. Mji wa Liverpool, Uingereza, ulifunga vichochoro vingi kwa mageti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2004 watafiti Kate Bowers, Shane Johnson na Alex Hirschfield walichapisha tathmini ya kazi hiyo, wakaonyesha kwamba uvunjaji wa nyumba ulipungua kwa takriban asilimia 37 ukilinganisha na sehemu zisizowekewa mageti. Si jambo dogo.

Lakini tazama vichochoro vyenyewe ni vya namna gani. Kule Liverpool nyumba imeipa barabara uso na kichochoro mgongo. Mlango wa mbele unatazama lami, na kichochoro kiko nyuma, cha kutolea taka tu. Mwizi alikuwa akipita nyuma, akiruka ukuta, akiingilia jikoni. Walipofunga nyuma, hakuna mwenye nyumba aliyeshindwa kufika kwake, maana mlango wa mbele upo. Kwetu kichochoro ndiyo barabara. Humo ndimo unamopita mkokoteni wa maji, mwanafunzi wa alfajiri, fundi wa mjengo anayetoka kabla ya jogoo, mama na beseni la maandazi, mgonjwa, na jeneza. Huku ukifunga mdomo wa kichochoro umefunga njia ya kila mtu, na anayelala humo hana mlango mwingine.

Kwa hiyo tutafute mfano nyumbani. Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970, ulipangwa kwa makoti: nyumba zimezunguka uwanja mdogo na wenyeji wanaingilia sehemu moja. Uhalifu ulipozidi wakaazi wakaweka mageti yao wenyewe. Huko ilikuwa rahisi, kwa kuwa mpita njia hakuwa na sababu ya kupita ndani ya koti la watu.

Mfano unaotufaa zaidi ni Dandora. Mtaa ule ulizaliwa miaka hiyohiyo ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, nao pia una makoti. Miaka ilivyokwenda, mengi yakawa jalala, mitaro ikaziba, na uwanja wa pamoja ukawa hauna mwenyewe. Katika miaka ya 2010 vijana wa huko, wakiwemo wale wa Dandora Transformation League, walianza kuyasafisha, koti moja baada ya jingine, kukawa hata na mashindano ya koti lipi limebadilika zaidi. Waliondoa takataka, wakapanda nyasi na miti, wakapaka rangi, wakaweka geti, na kaya zikakubali kuchanga kila mwezi ili vijana wanaosafisha na kulinda walipwe. Hapo sikiliza vizuri, msikilizaji. Chuma kilikuja pamoja na bustani, na mchango, na kijana mwenye kazi. Yule kijana ambaye jana wazee walimwangalia kwa jicho la shaka, leo anajua nani anaishi mlango gani na nani huchelewa kurudi. Geti la namna hiyo lina mtu.

Sasa tulitazame letu kwa karibu. Fundi wa jua kali ameunganisha bomba za mraba na bati zito, ametia bawaba tatu, na pale kwenye kufuli amechomelea kisanduku cha chuma chenye tundu la kupitisha mkono tu, ili mwizi asipate pa kuingizia mtaimbo wala msumeno. Kazi safi. Halafu mwone dada anayefanya kazi hotelini Westlands, anafika saa tano unusu usiku. Anasimama akiipa giza mgongo. Mkono mmoja umezama kwenye kisanduku, kidole kinapapasa tundu la kufuli asiloliona. Ufunguo umeingia kichwa chini. Anautoa, anaujaribu tena. Mkoba uko begani, mkono ulio huru umeshika simu ili apate mwanga. Kwa muda huo wote, katika Kawangware nzima hakuna aliye rahisi kuibiwa kama yeye. Ngeta haikuondoka. Imehama kutoka konani na kumngojea getini.

Na huyo ana ufunguo. Kuna asiye nao. Chumba kimoja kina watu wanne, mwenye ploti ametoa funguo mbili. Aliyechelewa atabisha geti, atamwita keateka, yule mtunza ploti, kwa jina, atapiga simu. Mara nyingine keateka amelala fofofo, mara nyingine yuko macho na anajifanya amelala mpaka asikie habari ya kitu kidogo. Mtaa mzima unaujua mchezo huo. Kwa hivyo kabla ya kuuliza geti litagharimu kiasi gani, tuulize: nani atakuwa na ufunguo, wangapi, na ni nani ataamka?

Swali la pili ni la choo, na hili wanaume hulisahau kikaoni. Kule Kibera vyumba vingi havina choo ndani ya ploti. Watu hutumia choo cha kulipia au cha jirani, hatua kadhaa kutoka mlangoni. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, Kibera ikiwemo, iliyoeleza jinsi wanavyoogopa kutoka usiku kwenda chooni kwa hofu ya kubakwa, na jinsi hofu hiyo inavyowalazimisha kutumia mfuko wa plastiki ndani ya chumba wanamolala watoto. Sasa fikiria mahali pa kusimika geti. Likisimikwa upande wa nje wa choo, mama anaweza kutoka saa nane usiku akiwa na moyo mtulivu kidogo, na hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuliweka. Likisimikwa upande wa ndani, choo kikabaki nje, umemfungia mama pamoja na shida yake. Tofauti inaweza kuwa hatua kumi tu. Lakini fundi hataijua kama waliomwita kazi hawakuwauliza wanaotembea hatua hizo.

Swali la tatu ni moto. Kibera na Kawangware hatuhitaji kuelezwa moto ni nini. Ukuta ni wa mabati na mbao, waya wa stima umepita juu ya paa, jiko la mafuta liko karibu na kitanda. Gari la zimamoto likifika hukomea kwenye lami, maana vichochoro ni vyembamba. Wanaozima ni majirani, kwa ndoo na mchanga, na kwa kubomoa vyumba ambavyo moto haujavifikia. Wakati huo watu mia wanakimbilia mdomo mmoja wa kichochoro wakiwa na watoto na magodoro. Wakute kufuli?

Nchi hii imeshafunzwa somo hilo kwa bei ambayo haipaswi kulipwa tena. Machi 1998, bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu huko Pwani lilishika moto, na wasichana zaidi ya 20 wakafa nyuma ya mlango uliofungwa. Machi 2001, shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Vyuma vile viliwekwa kwa nia njema, watoto walindwe. Kwa hiyo mtu akisimama kikaoni akasema midomo yote miwili ya kichochoro ifungwe kwa kufuli kutoka nje, na funguo zikae kwa mtu mmoja, mwambie kwa adabu: mzee wangu, hapo hapana. Upande mmoja uwe na komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo, mtoto wa miaka kumi aweze kulivuta. Na upana uruhusu mkokoteni, kwa sababu kwetu mkokoteni ndio ambulensi.

Kuna jambo jingine ambalo si rahisi kulisema redioni, lakini tukilinyamazia halitaondoka. Geti linaweza kugeuka mpaka. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa urais wa tarehe 26, Kawangware iliwaka, na 56 ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoguswa. Maduka na nyumba zilichomwa, watu waliokuwa wakikopeshana chumvi wakaanza kuulizana majina ya ukoo. Siku kama hizo geti linaweza kuokoa roho, kwa kuwazuia wenye rungu wasiingie. Linaweza pia kuwa kizuizi, mtu anasimamishwa na kuulizwa wewe ni wa wapi. Chuma hakijui tofauti. Anayejua ni aliyesimama hapo, na aliyemweka hapo. Kama walinzi wa kichochoro wote ni wa jamii moja, au wa chama kimoja, au vijana wa mheshimiwa fulani, geti hilo lina hatari hata kabla ya uchaguzi kufika.

Na geti linaweza kugeuka kituo cha ushuru. Wakaazi wa Mathare, Kariobangi na Dandora wanakumbuka miaka ambayo kundi la Mungiki lilitoza ada ya usalama, matatu zikilipa, na hata choo kikilipiwa. Mwanzo wa mambo hayo mara nyingi ni mzuri: vijana wanapiga doria, wezi wanakimbia, watu wanashukuru. Kisha shukrani inakuwa deni la kila wiki, na asiyelipa ndiye anayekuwa na shida. Machi 2002, huko Kariobangi Kaskazini, watu zaidi ya 20 waliuawa usiku mmoja katika vita vya makundi. Kwa hiyo mchango wa geti uandikwe kwenye daftari, risiti itolewe, na hesabu isomwe mbele ya watu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walituonya.

Sasa, kichochoro ni cha nani? Kawangware sehemu kubwa ya ardhi ina wenyewe, na mwenye ploti ana haki ya kuweka geti kwenye ploti yake. Njia ya watu wote ni habari nyingine. Kibera sehemu kubwa ni ardhi ya umma, na kichochoro ni cha kila apitaye. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako, na Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti barabara zake, taa za barabarani na huduma za zimamoto. Maana yake ni kwamba hamwezi kuamka tu mkafunga njia, na kwamba mnayo ofisi ya kwenda kudai taa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inatambua ulinzi wa jamii pamoja na kamati zake. Na Nyumba Kumi, mpango tuliouazima kwa ndugu zetu wa Tanzania na kuuanzisha rasmi mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate, ungalipo kwa jina katika mitaa mingi. Mwiteni chifu, mwiteni mzee wa kijiji, andikeni makubaliano. Karatasi hiyo itawafaa siku kanjo, askari wa kaunti, watakapokuja na nyundo.

Na kabla ya kufunga, tusiwafukuze walinzi tulio nao tayari. Mama wa chapati anayekaa mdomoni mwa kichochoro mpaka saa tatu usiku anaona kila anayeingia. Kinyozi anaona. Mwenye duka la M-Pesa anaona, na ana sababu ya kuona. Miji ya kale ya pwani yetu, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, ina vichochoro vyembamba kama vyetu, na kinga yake ya miaka mingi ilikuwa baraza: wazee wamekaa nje ya nyumba zao, huwezi kupita bila kuamkia. Geti likifungwa saa mbili usiku, mama wa chapati anapoteza wateja, anahama, na macho yake anahama nayo. Afadhali saa tano, na taa juu ya geti. Zile taa za mlingoti mrefu tunazoziita mulika mwizi zimesaidia sana, lakini hazifiki kila kona, na taa iliyoungua ikakaa miezi bila kubadilishwa haimmuliki mtu.

Msikilizaji, kama mtaa wenu umeshaamua, sawa, wekeni. Lakini fanyeni jaribio hili kabla ya kumlipa fundi fungu la mwisho. Wiki moja baada ya geti kusimama, mchagueni mtu mmoja kwa siri, mama mwenye mtoto mdogo akipenda, na mtu wa kumsindikiza. Saa tisa za usiku, bila kumwarifu keateka wala mlinzi, aje getini kutoka ndani na aseme mtoto amezidiwa, anataka kufika hospitali. Mwingine aje kutoka nje, aseme ametoka zamu. Shikeni saa. Kama milango imefunguka upesi, bila matusi na bila kuombwa shilingi, mna geti, na mlilinde. Kama watu wamesimama pale wakibisha, wakiita, wakipiga simu isiyopokelewa, basi mwambieni fundi arudi na mashine yake, na ninyi wenyewe mrudi kikaoni, safari hii mkiwa na akina mama mstari wa mbele.

Kwa leo naishia hapo. Usiku mwema, na wewe uliye njiani kurudi nyumbani, fika salama.